Maswali ya Wasomaji: Saladi ya zukini mbichi isiyojaa maji

SWALI: Ndugu Mhariri, joto la Januari na Februari hapa Moshi hunifanya nikwepe kuwasha jiko mchana. Nimejaribu kuandaa saladi ya zukini bila kupika, lakini ikifika mezani huwa imeogelea kwenye maji na ladha imepotea. Isitoshe, mama mkwe anasisitiza kwamba jamii ya maboga hailiwi mbichi. Nifanyeje?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Nianze na mama, kwa sababu tahadhari yake ina msingi. Mimea ya ukoo wa maboga inaweza kutengeneza kemikali chungu ziitwazo kukurbitasini, ambazo huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha, na ambazo haziondoki hata mboga ikipikwa. Zukini za sokoni hutokana na mbegu zilizochaguliwa kwa vizazi vingi ili zisiwe na uchungu huo, kwa hiyo huliwa mbichi. Hata hivyo, onja kipande kidogo cha kila moja kabla ya kuichanganya na nyingine, na ukikuta iliyo chungu, teme, kisha uitupe yote. Uangalifu uzidi kwa zile zilizojiotea zenyewe bustanini.

Kuhusu maji, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa zukini ni maji, na chumvi huyavuta nje mara inapogusa mboga iliyokatwa. Ukitia chumvi, limau na mafuta kwa pamoja, maji hayo yote huishia bakulini na kuzimua kiungo chako. Dawa yake ni kuyatoa mapema.

Sokoni chagua zukini changa, ngumu, zenye ganda linalong'aa na urefu wa sentimita 15 hivi, kwani zilizokomaa huwa na mbegu ngumu na nyama yenye majimaji mengi. Zioshe vizuri kwa maji safi yanayotiririka, wala usitegemee limau liue vijidudu. Ganda liache, maana ndilo linaloipa saladi rangi na ukakamavu.

Kwa watu wanne, chukua nusu kilo, uikate vipande vyembamba sana kwa kisu kikali au kwa kifaa cha kumenyea viazi, ambacho mimi nakipendelea kwa kuwa hutoa utepe mwembamba ulio sawa. Nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, acha kwenye chujio dakika 15, halafu kausha kwa kitambaa safi ukikandamiza taratibu bila kuzivunja.

Hapo ndipo uchanganye vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau, vitatu vya mafuta ya zeituni au alizeti, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na pilipili manga. Onja kwanza kabla ya kuongeza chumvi, kwani iliyobaki kwenye zukini mara nyingi hutosha. Majani ya nana yanaifaa sana, na karanga zilizokwisha kukaangwa huongeza mkatiko mdomoni. Parachichi, ambalo kwenu Kilimanjaro halikosi, lisiachwe; likate vipande na ulitie mwisho kabisa ili lisipondeke.

Andaa saladi hii wakati walaji wamekaribia kukaa mezani. Ukitaka kwenda nayo kazini, beba zukini iliyokaushwa katika chombo chake chenye ubaridi, mchanganyiko wa limau na mafuta katika kichupa, na uviunganishe wakati wa kula.