Kabla Hujamleta Frontosa Sebuleni

Vijana wa hapa Kigoma wanaotaka kufuga samaki wa mapambo huanza na swali lilelile: frontosa, yule samaki wa mistari wa Ziwa Tanganyika, anapatikana wapi? Swali hilo liweke mwisho. Ukiwa Mwanga, Ujiji au Katonga, samaki ndicho kitu rahisi kuliko vyote kupata, na urahisi huo ndio unaoponza watu. Ziwa liko pale chini, mvuvi unamjua, tangi umeshalinunua. Asubuhi unajaza maji, jioni unatia samaki, wiki ikiisha unazika. Yote nitakayosema hapa yanazunguka jambo moja: maji yaive kwanza, yaani yapate bakteria wa kuondoa sumu ya uchafu, ndipo samaki aje.

Lakini tuondoe kwanza ndoto ya kuhe. Wapo wanaomwona kuhe mchanga, urefu wa kiganja, anang'aa, wakadhani watakaa naye. Kuhe ndiye mkubwa kuliko siklidi wote duniani, yaani ile familia yenye ngege wetu na sato wa Ziwa Victoria. Hupita sentimita 70. Huyo ni samaki wa maji mapana, na akishatoka ziwani mimi naona mahali pake ni kwenye sahani, na ugali pembeni.

Frontosa ni habari nyingine. Dume hufikia sentimita 30 na kuzidi kidogo, ana nundu kwenye paji la uso na mistari myeusi juu ya mwili wenye weupe na buluu. Wa upande wetu wa Kigoma huwa na mistari saba, wakati wenzao wa sehemu nyingi za ziwa wana sita. Hukua polepole sana. Kukomaa tu ni miaka mitatu au zaidi, na akitunzwa anaweza kuvuka miaka 15. Mtoto wako anayeanza chekechea leo anaweza kumaliza kidato cha nne samaki bado yupo. Kama unapanga nyumba na mwenye nyumba hatabiriki, subiri.

Tangi lake usilipime kwa urefu wa samaki uliyemnunua, lipime kwa atakayekuwa. Frontosa hapendi kukaa peke yake. Anakaa kwa kundi, dume mmoja na majike kadhaa. Kundi la sita au saba linataka tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60, kimo 60. Zidisha vipimo hivyo, gawa kwa 1,000, unapata lita 648. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza kioo, mawe na mchanga, unakaribia kilo 900, na zote zimesimama kwenye kipande cha sakafu kisichozidi kitanda kidogo. Sakafu ya zege iliyokaa juu ya ardhi inabeba bila shida. Ghorofani usiweke kabla mtu wa ujenzi hajaangalia. Sakafu ya udongo iliyopakwa saruji nyembamba juu nayo usiiamini. Itatitia upande mmoja, na kioo hakisamehe kupinda.

Fundi vioo wa mjini anaweza kukutengenezea, ila wengi wamezoea madirisha na makabati ya duka, kwa hiyo mwelekeze. Kwa kimo cha sentimita 60, mwambie kioo cha milimita 12 pamoja na mikanda ya kioo juu ya kukaza. Silikoni iwe ile ya kawaida yenye harufu kali ya siki inapokauka, na isiwe ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inaua samaki. Ikishapakwa, iache wiki nzima ikauke. Halafu jaza tangi likiwa nje, kwenye kivuli, liangalie siku mbili. Likivuja, heri limevuja uani. Meza ya kulibebea ichomelewe kwa mabomba ya mraba, ikae sawa kwa pimamaji, na kati ya meza na kioo weka lile povu jeupe linalokuja na maboksi ya televisheni.

Sasa maji, ambayo ndiyo kazi yenyewe.

Sisi wa Kigoma tuna bahati ambayo mfugaji wa Ulaya huinunua kwa unga wa madini dukani. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali; juu ya 7 ni alkali) inayocheza kati ya 8.6 na 9.2, yana madini mengi, na juu juu joto lake huwa nyuzi 25 hadi 27 karibu mwaka mzima. Maji ya bomba ya mjini asili yake ni ziwa hilohilo. Tofauti ni klorini. Ukijaza simtanki, ukaliacha wazi siku mbili huku pampu ya hewa ikitoa mapovu, klorini inapungua hadi kuisha. Mwenye haraka hutumia sodiamu thiosulfati, chembe kidogo tu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo lake.

Kuna wanaoona njia ya mkato: kwanini nisichote moja kwa moja ufukweni? Unaweza, lakini si pale watu wanapofulia na kuogea. Kichocho kipo kwenye fukwe zetu, na mikono yako ndiyo itakayokuwa ndani ya tangi kila wiki. Karibu na bandari kuna mafuta. Kama lazima uchote ziwani, panda mtumbwi, toka mbali na ukingo, chota huko, kisha maji yakae kwenye pipa lisilo na konokono siku tatu kabla hujayagusa. Vijidudu vya kichocho visipopata mwili wa kuingia havivuki siku hizo. Konokono mwenyewe usimlete kabisa, hata akiwa mzuri. Maji ya mvua ya kwenye bati nayo yaache kwa kufulia. Hayana madini, na samaki huyu hayawezi.

Ndugu zangu wa Tabora mko kwenye hesabu tofauti. Maji yenu ya bomba siku hizi yanatoka Ziwa Victoria, nayo ni mepesi, madini yake ni machache mno ukilinganisha na ya huku. Frontosa ukimtumbukiza humo anadhoofika taratibu na hutajua kwanini. Itabidi uyaongezee nguvu: bikabonati ya soda ile ya jikoni, chumvi ya haluli kidogo, na mawe ya chokaa ndani ya chujio. Pandisha kwa siku kadhaa huku ukipima, usipandishe kwa mkupuo. Nimesikia wanaosafirisha madumu ya maji ya ziwa kwa treni kutoka Kigoma. Kwa tangi la lita 648 sijui mtu huyo analala saa ngapi. Tabora pia usiku wa Juni na Julai ni baridi, kwa hiyo hita kwenu si anasa. Huku kwetu tangi kubwa lililo ndani ya nyumba mara nyingi linajimudu.

Turudi kwenye kuiva. Samaki anapumua na kujisaidia kwenye maji yaleyale, na uchafu wake unazaa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mradi isirundikane. Bakteria hao hawamo kwenye tangi jipya. Inawachukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji na mawe ya chujio. Maji kuwa maangavu hakumaanishi chochote. Amonia haionekani kwa macho.

Na hapa ndipo ubora wa maji yetu unapotugeuka. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua ipi izidi. Kwenye maji ya pH 7, yenye joto la nyuzi 25, sehemu kali haifiki asilimia moja. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Maana yake kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa Amazon angekivumilia kwenye maji yake laini, kinamuunguza frontosa matamvua ndani ya maji ya Tanganyika. Ziwani hilo si tatizo, kwa sababu pale kuna kina kinachozidi mita 1,400 na uchafu wa samaki mmoja unapotea. Tangini hakuna pa kupotelea. Kwa hiyo ushauri wa kwenye intaneti unaosema "tia samaki wawili watatu wagumu waanzishe tangi" umeandikwa na watu wa maji mengine. Usiufuate.

Fanya hivi. Washa chujio, tia mchanga na mawe, kisha kila siku weka chembe chache za chakula cha samaki au kipande kidogo cha dagaa mbichi kioze humo. Ndiyo, kitanuka. Mweleze mwenzako wa nyumbani mapema. Ukipata sponji kuukuu kutoka kwenye tangi la mtu mwenye samaki wazima, iweke kwenye chujio lako. Inafupisha safari sana, kwa sababu bakteria wanakuja nayo. Nunua vipimo vya maji vya matone: vya amonia, nitriti, nitrati na pH. Kama fedha haitoshi kununua vipimo na samaki kwa pamoja, nunua vipimo. Kwanza utaona amonia inapanda, kisha inashuka na nitriti inapanda, kisha nitriti nayo inashuka. Siku utakapotia chakula na kesho yake ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, maji yameiva. Badilisha nusu ya maji, ndipo umtafute mvuvi.

Chujio lenyewe si lazima liwe la kigeni. Ndoo kubwa, sponji, vipande vya matofali ya kuchoma vilivyooshwa vizuri, na pampu ya kurudisha maji juu vinatosha, mradi maji yapite kwenye sponji kabla ya matofali. Sponji ioshe kwa maji uliyotoa tangini, kamwe si kwa maji ya bomba yenye klorini. Mawe yakae kwenye kioo cha chini kwanza, mchanga ufuate, maana samaki hawa huchimba na jiwe lililolalia mchanga huanguka. Taa iwe hafifu. Mimea sahau.

Kuhusu kumpata: frontosa huishi kwenye miamba, mara nyingi mita 20 kwenda chini na zaidi. Akivutwa juu haraka, kifuko chake cha hewa kinavimba, anaelea tumbo juu. Anayejua kazi humpandisha kwa hatua, akimwacha kwenye kizimba kwa kina tofauti hadi mwili uzoee. Kwa hiyo usimwagize mvuvi yeyote "niletee mmoja" kisha ukapokea samaki wa nyavu aliyechanika. Muulize muuzaji amempandisha vipi na kwa muda gani, akibabaika, ondoka. Muulize pia kibali, na wewe mwenyewe pita kwa ofisa uvuvi ujue taratibu kabla ya kununua. Maji ya Hifadhi ya Mahale hayavuliwi, hata mvuvi awe na kibali. Bora zaidi ni kununua watoto waliozalishwa matangini, sentimita sita au saba, wote kwa mara moja, wakue pamoja. Usiwachanganye na samaki wadogo wembamba. Porini frontosa hula samaki wa aina hiyo alfajiri kabla hawajaamka vizuri, na tangini hatabadili tabia.

Chakula ni mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Punje za samaki wala nyama, uduvi, vipande vya samaki. Nyama ya ng'ombe na maini usimpe, mafuta yake hayamfai na tumbo litavimba. Siku moja kwa wiki asile kabisa. Kila wiki toa robo ya maji, ambayo kwa tangi hili ni madumu manane ya lita 20, na urudishe yaliyokwisha kutulia simtankini. Hesabu madumu hayo kabla hujajenga tangi, kwa sababu utayabeba wewe.

Umeme ukikatika, acha kulisha. Washa pampu ndogo ya hewa ya betri, au inveta kwenye betri ya gari, na elekeza hewa kwenye chujio pia, si kwa samaki peke yao, maana bakteria nao wanapumua na baada ya saa chache bila hewa wanaanza kufa. Chujio la kufungwa likiwa limezimika muda mrefu, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake kabla ya kuliwasha. Ni machafu, na yakiingia tangini yote kwa pamoja utakuwa umerudi mwanzo.

Miaka ikipita, jike mmoja ataacha kula na kidevu chake kitajaa. Usimtibu. Ana mayai mdomoni, na atakaa nayo wiki nne hadi sita. Punguza mwanga, usisogeze mawe, na kama dume anamkimbiza mtengee upande kwa kioo au wavu. Watoto wakitoka, huwa wachache na wameshakuwa na umbo la wakubwa, mistari na yote, na wanakula siku hiyohiyo. Wa ziada wagawie wenzako wenye matangi yaliyoiva au wauze. Usiwamwage ziwani, hasa kama hujui wazazi wao walitoka mwambao upi; frontosa wa kusini si wa Kigoma, na hatutaki wachanganyike.