Mbwa Mnene: Hesabu Mikono Kabla ya Kupunguza Chakula

Mwaka jana nilimpandisha Simba kwenye mizani ya mnunuzi wa korosho hapa Muyeye, Malindi, ikasoma kilo 41. Yeye ni chotara wa Labrador, dume aliyehasiwa, na kwa umbo lake anatakiwa awe na kilo 30 hivi. Dalili nilikuwa nimeziona kitambo. Alikuwa hawezi tena kupanda kibaraza bila kusukumwa, na usiku alihema kama aliyekimbia ilhali amelala. Nikawa najiambia ni joto la kaskazi.

Siku ile ile nilikata chakula chake nusu, nikaondoa sima yote, nikamwekea chakula cha dukani cha kupunguza mwili. Siku ya tatu akaanza kuharisha. Choo kilikuwa maji maji chenye kamasi, mara sita au saba kwa siku, na tumbo lilinguruma hadi ukilisikia ukiwa sebuleni. Nilimuumiza nikidhani namsaidia, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba utumbo mpana wa mbwa umejaa bakteria, na bakteria hao hufuata kinacholetwa. Mbwa aliyekula sima na mafuta ya mabaki kwa miaka ana kundi lililozoea hayo. Ukimgeuzia ghafla chakula chenye protini nyingi na nyuzinyuzi, sehemu yake hufika chini haijasagika, huvuta maji, naye huharisha. Ukienda polepole, nyuzinyuzi zile zile ni neema: bakteria huzichachusha na kutoa asidi zinazolisha seli za ukuta wa utumbo wenyewe. Mbwa pia hushiba mapema.

Daktari wa mifugo alianza kwa kupima choo, akakuta minyoo. Akatoa damu kuangalia tezi ya shingo, maana tezi ikilegea mbwa hunenepa hata kama hali sana. Huo ndio mwanzo sahihi, nami nilikuwa nimeuruka. Kisha akanipa ratiba: siku tatu za mwanzo robo ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani, siku tatu nusu kwa nusu, tatu nyingine robo tatu kwa robo, ndipo kipya kitupu. Boga la kuchemsha lisilo na chumvi wala tui, vijiko viwili, lilisaidia choo kushikana. Mbwa wako akiharisha damu, au akitapika na kukataa maji, usisubiri boga. Mpeleke.

Baada ya hapo choo kilitulia, lakini wiki nne zikapita na mizani haikusogea. Nikakaa nyumbani siku nzima kuangalia. Watoto wa jirani walirusha mahamri juu ya ua. Dada anayekaanga viazi karai alimpa vilivyovunjika. Mama yangu alimwekea ukoko wa wali na vichwa vya samaki. Mzee anayelinda geti la jirani alimkatia chapati usiku. Kila mmoja alitoa kidogo, na hakuna aliyejua habari ya mwenzake.

Nilimwendea yule mzee kwanza. “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema: “Mwanangu, huyu ndiye mwenzangu wa usiku. Nikila peke yangu ananitazama.” Sikuweza kumwambia asimpe kitu. Badala yake, kila asubuhi napima chakula cha siku nzima, natoa konzi moja naitia kwenye mkebe, mkebe unakaa chini ya kiti chake. Simba hupewa na mzee kama zamani, ila sasa kinachotoka kwenye mkebe kiko ndani ya hesabu. Mama alikuwa mgumu zaidi, kwake mbwa mwembamba ni aibu ya mwenyewe. Nilimsimulia utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002, ambapo Labrador 48 walifuatwa maisha yao yote: waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao. Akauliza, “Miwili?” Ukoko siku hizi anawapa kuku.

Hesabu yenyewe utaiweza kwa simu. Chukua uzito unaoutaka, uuzidishe wenyewe kwa wenyewe mara tatu: 30 × 30 × 30 ni 27,000. Bonyeza kitufe cha √ mara mbili, upate 12.8. Zidisha kwa 70. Ni kilokalori 900 hivi kwa siku, na daktari atazirekebisha kadiri mizani inavyosema. Vya kuonja visizidi sehemu moja ya kumi, yaani 90. Chapati moja ya mafuta inapita hapo mara mbili. Na kama mbwa wako hulishwa mabaki ya mezani tu, usiyapunguze ukadhani umemaliza, kwa sababu madini na vitamini, vilivyokuwa haba tangu mwanzo, navyo hupungua. Pima kila wiki mbili. Kupoteza asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki kunatosha.

Kutembea tulianza kwa dakika kumi. Hutoka alfajiri kabla mchanga haujashika moto, na nikiweza nachagua saa ambazo maji yamekupwa: mchanga mbichi ni baridi na mgumu, hauchoshi magoti ya mbwa mzito. Nabeba maji ya kunywa, kwa kuwa akinywa ya bahari ataharisha upya. Jambo moja nawasihi sana wenzangu wa pwani: mbwa aliyepunguziwa chakula huokota. Ufuoni kuna bunju, wale samaki wanaojivimbisha, waliotupwa na wavuvi au kuletwa na mawimbi, na bunju ana sumu inayoweza kuua mbwa. Simba hatembei bila kamba, hata ufuo ukiwa mtupu.

Njaa yake si ukaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karibu robo ya Labrador wana hitilafu katika jeni iitwayo POMC, inayowafanya watamani chakula kuliko mbwa wengine. Simba sijampima, lakini tangu nilipojua hilo nimeacha kumkaripia anapoomba. Namgawia kile kile cha siku mara tatu badala ya moja.

Imechukua miezi saba. Ijumaa iliyopita mizani ya korosho ilisoma 32, na nikipitisha vidole ubavuni nazigusa mbavu bila kubonyeza. Jana asubuhi mzee wa geti aliniita kwa haraka, nikatoka nikidhani kuna mwizi. Akanionyesha kwa fimbo: Simba yuko juu ya kibaraza, amelala penye kivuli chake cha zamani, na hakuna aliyemsukuma.