Maswali Yenu: Kuigiza bila maandishi kunamfaa nini mwingiza sauti?

SWALI: Mimi ni mwingiza sauti wa tamthilia za kigeni, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika kazi hii. Napewa maneno yaliyokwisha kutafsiriwa, namtazama mhusika kwenye skrini, nami huyasema kabla hajafumba mdomo. Rafiki yangu ananishawishi tulipie mafunzo ya kuigiza papo kwa papo, yale ya kupanda jukwaani bila maandishi yoyote. Nikibadili hata neno moja, mwongozaji hunirudisha mwanzo. Je, huko si kutupa fedha? – Msomaji, Temeke.

JIBU: Ungekuwa msoma taarifa za habari, ningekushauri uziweke fedha zako. Kwa tamthilia, nenda, ila usiende kwa kutarajia kufundishwa kubuni maneno, maana faida kubwa ya mafunzo hayo ni kusikiliza. Mwigizaji asiye na maandishi hajui mwenzake atasema nini, hivyo hulazimika kumfuatilia hadi neno la mwisho ndipo afungue kinywa. Sisi wa studio hatuna bahati hiyo: mume anayekutaliki katika tamthilia huenda alirekodiwa juzi, au atarekodiwa kesho kutwa, nawe umesimama peke yako mbele ya kipaza sauti ukijibu ukimya. Ndiyo sababu sauti nyingi tunazozisikia zinasoma tu, kila sentensi ikianza na kuishia katika kimo kilekile. Aliyezoea kujibu papo kwa papo hujijengea kichwani mtu wa kumjibu.

Zoezi ambalo ningekutaka uliulizie ni la Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani ambaye mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha The Second City, kikundi cha vichekesho vya papo kwa papo, mjini Chicago mwaka 1959. Watu wawili huzungumza kwa lugha isiyokuwepo. Mmoja auze samaki kwa maneno yasiyo na maana, mwingine amwombe apunguze bei, na baada ya dakika chache mtagundua kwamba dharau, hofu na kubembeleza hubebwa na pumzi na mwendo wa sauti hata pale maneno yanapokosekana. Kwa mtu anayesikia Kituruki au Kichina kwenye hedifoni siku nzima bila kukielewa, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Mturuki anapokataa jambo, pengine hasemi kitu: huinua nyusi, akagonga ulimi mara moja, basi. Mwenzetu mmoja aliuona mlio huo, akausonya. Binti mpole aliyekuwa akikataa kikombe cha pili cha chai cha baba yake akageuka mtovu wa adabu, na sote studio tukacheka hadi fundi mitambo akasimamisha kurekodi. Maandishi yake hayakuwa na neno lolote mahali pale, kwani watafsiri hawaandiki miguno. Mtu aliyefunzwa angetoa “mm-mm” laini, midomo imefungwa, akasonga mbele.

Fikiria pia kelele za umati. Waigizaji wa Uingereza walikuwa na desturi ya kurudia neno “rhubarb” ili wasikike kama watu wengi. Kwetu utasikia “jamani, jamani” sokoni, “jamani, jamani” msibani, hata harusini. Aliyezoea kubuni ataulizia bei ya nyanya, atamwita mtoto, atalalamikia chenji, na soko litakuwa soko. Jambo hili wala si geni kwetu: katika miaka ya 1990 vikundi kama Muungano na TOT viliigiza jijini Dar es Salaam kwa kukubaliana mfuatano wa matukio tu, maneno wakiyapata jukwaani.

Mwongozaji wako, hata hivyo, ana haki yake. Katika katuni mpya sauti hutangulia picha, na ndiyo maana Robin Williams aliweza kumwaga utani wake alipokuwa jini katika filamu ya Disney ya mwaka 1992, wachoraji walimfuata. Wewe unaifuata picha. Mchina husema “wo ai ni” kwa silabi tatu, nawe una “nakupenda” yenye nne. Ikikubana, usibadilishe kimyakimya: rekodi ilivyoandikwa, kisha omba nafasi ya kutoa pendekezo lako. Matangazo ya benki na dawa usiyaguse kabisa, kwa kuwa kila neno limekwisha kuidhinishwa na mwenye tangazo.

Kama ada haijapatikana, anzia nyumbani. Fungua tamthilia usiyoijua, zima sauti, umsemee mhusika mmoja kwa dakika tatu bila kusimama huku simu ikikurekodi. Sikiliza kesho yake, wala si usiku uleule, kwa sababu usiku huo utakuwa bado unajitetea.