Akamai ya Hawaii
Neno la Hawaii la mtu mwenye akili ni "akamai". Halikuzaliwa mtaani: ni Kihawaii halisi, limo kwenye kamusi ya Kihawaii ya Pukui na Elbert. Kutoka Kihawaii likaingia pia kwenye Pijini, lugha ya mseto ya huko, ndiyo maana mtu anaweza kulidhani la vijiweni. Linabeba ujuzi wa mikono pia, kwa hiyo hata mpiga ukulele hodari ni akamai. Ukimwambia mtu "akamai ʻoe", umemsifu kwamba ana akili. Kampuni ya mtandao ya Akamai, iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1998, ilichukua jina hapo hapo. Ila usilichanganye na "smati" yetu ya kupiga pamba; mavazi hayahusiki kabisa.