Tulijengewa Maktaba, Umeme Tukaachiwa Wenyewe

Jioni moja, mwaka wa pili tangu maktaba ya mji wetu ifunguliwe, niliwakuta wanafunzi wa kidato cha nne wamejibana kwenye dirisha moja la upande wa magharibi, maana ndipo mwanga ulipokuwa umebaki. Tokeni za umeme zilikwisha tangu Jumanne. Mkutubi alishanunua za mfukoni mwake mara mbili mwezi ule, na mshahara wake mwenyewe ulikuwa haujaingia. Ukutani, bamba la marumaru lilikuwa na jina la mgeni wa heshima aliyezindua jengo. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao haujanitoka, na wiki ile ile nikaomba kuingia kamati ya maktaba. Mwaka wa tisa huu nimo. Ninayoandika hapa ni kwa yeyote anayetaka maktaba ya kwao ibaki wazi baada ya sherehe za ufunguzi.

Ukiniuliza neno moja tu, nitakwambia: msiombe jengo kabla hamjapata fungu la kila mwaka. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma mzaliwa wa Dunfermline huko Uskoti, aligharimia zaidi ya maktaba 2,500 duniani, na sharti lake la kawaida kwa miji ya Marekani lilikuwa wazi. Mji utoe kiwanja, kisha kila mwaka utenge fedha za kuiendesha maktaba zisizopungua asilimia 10 ya gharama ya jengo. Ipo miji iliyokataa pesa zake kwa sababu ya sharti hilo. Kwa hesabu hiyo, jengo la shilingi milioni 20 lingehitaji milioni 2 kila mwaka, za mishahara, umeme, vitabu, magazeti, kufagia na kupaka rangi. Sisi hakuna aliyetuuliza swali hilo, na wenyewe hatukujiuliza. Tulishukuru, tukapiga vigelegele, tukaketi.

Kisha tukabisha mlango usio wetu. Mwaka mzima tulimfuata mbunge tukiomba fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge. Lakini hapa Kenya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka maktaba kwenye orodha ya kazi za kaunti, na mfuko ule wa eneo bunge ni wa kazi za serikali ya kitaifa. Mtu wenu ni mwakilishi wadi, pamoja na afisa wa idara ya kaunti inayosimamia maktaba. Ijueni ni idara gani hasa, maana kaunti moja huiweka chini ya elimu, nyingine chini ya utamaduni, na barua iliyokwenda idara nyingine hulala huko.

Mlango wenyewe una msimu wake, na hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini. Barua yetu ya kwanza kwa kaunti tuliipeleka Juni, imepigwa chapa vizuri, ina sahihi za wazee na walimu wakuu. Karani mmoja mpole akatueleza kwamba tumechelewa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Waraka wa mikakati ya fedha, unaogawa viwango kwa kila idara, hufika kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili. Ukija Juni, sahani zimeshapakuliwa. Ombi la kujenga au kukarabati liingize kwenye mpango wa mwaka, yaani lipeleke Julai au mapema Agosti. Ombi la fedha za kuendesha lipeleke Januari, viwango vya idara vikiwa havijafungwa. Juu ya hayo yote kuna mpango wa kaunti wa miaka mitano. Uliopo ni wa 2023 hadi 2027. Ujao utakapoanza kuandaliwa, pambaneni neno "maktaba" liandikwe humo pamoja na jina la wadi yenu, kwa kuwa kisichokuwemo huombewa kwa shida kila mwaka.

Katika makadirio kuna matumizi ya maendeleo, kama majengo, na matumizi ya kawaida, ya kuendesha huduma kila siku. Viongozi wengi hupenda ya kwanza kwa sababu huonekana kwa macho. Ninyi ng'ang'anieni ya pili. Kwetu iliandikwa mistari mitano: umeme, intaneti, magazeti, vitabu vipya, msaidizi wa mkutubi. Mwaka wa kwanza tulipata miwili, umeme na magazeti, na kwa mara ya kwanza maktaba haikufungwa hata siku moja kwa giza. Mstari wa vitabu ulipokuja tulikosea hesabu: Sheria ya VAT ya 2013 iliwekea vitabu kodi ya asilimia 16, nasi tulipanga bei bila kodi, ikabidi tupunguze vitabu vya watoto. Bado inaniuma. Ombeni bei za wachapishaji kwa maandishi kabla ya kuandika ombi.

Kilichotufungulia zaidi kuliko barua zote ni daftari la shilingi mia moja na kitu. Tuliliweka mlangoni, na zaidi ya jina na saa ya kuingia tukaongeza safu moja: ulitaka nini ukakosa? Tulidhani watu wangeandika riwaya na ensaiklopidia. Wanafunzi waliandika mitihani ya miaka iliyopita na meza ya kukalia. Vijana waliandika kompyuta ya kuombea mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Watu wazima, wakiwemo kina mama waliomwomba mkutubi awaandikie, walitaka mtu wa kuwasaidia kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa sababu saiba, yaani maduka ya intaneti, hulipisha kila ukurasa na wakati mwingine mwenye duka hubaki na nywila yao. Tulilipeleka daftari lile kwenye mkutano wa kuhusisha umma, tukasoma safu ile ya mwisho kwa sauti. Ukumbi ulinyamaza.

Ndiyo maana nikisikia "maktaba ya kisasa" nauliza kwanza ya kisasa kwa nani. Mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa kaskazini mashariki, Garissa na kwingineko, na kwangu mimi huo ulikuwa usasa kamili, kwa kuwa huduma ilimfuata msomaji alipo. Sisi tuliletewa vishikwambi na mfadhili kabla hatujawa na umeme wa uhakika. Vilikaa kabatini hadi betri zikafa. Mpangilio ninaoushauri ni umeme kwanza, na kama ni sola basi tengeni fedha za kubadilisha betri tangu siku mnayofunga paneli. Kisha mtandao wenye kasi ya kutosha watu kadhaa kwa pamoja. Rauta msiizime mnapofunga mlango. Kwetu vijana huketi barazani hadi saa mbili usiku wakifanya kazi za chuo, na mlinzi hufurahi kuwa na watu.

Orodha ya vitabu nayo itoke kwenye kadi iingie kwenye kompyuta. Programu ya Koha haina malipo ya leseni. Ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, ikatolewa bure mwaka 2000, kwa hiyo ilizaliwa kwa ajili ya watu wa miji midogo kama sisi. Gharama yake ni mtu wa kuitunza. Kubalianeni na chuo cha karibu mpate wanafunzi wa mafunzo ya kazini, na msijaribu kuingiza vitabu vyote kwa mkupuo. Anzeni na vile vinavyoazimwa. Vilivyolala rafuni miaka vinaweza kungoja.

Kuhusu misaada ya vitabu, jifunzeni kusema hapana kwa adabu. Maboksi yaliyotufikia yalijaa vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine na miongozo ya kompyuta zilizopitwa na wakati, nasi tukavibeba, tukavipangusa, tukavitengea rafu nzima. Leo mfadhili akija tunampa orodha kutoka kwenye daftari na jina la duka la vitabu mjini. Wengi hukubali. Asiyekubali tunamshukuru, tunampa chai.

Kamati yetu inaandaa ombi la Januari. Mistari iliyobaki bado tunaidai, na safari hii hatutatanguliza wazee kuzungumza. Atasimama msichana mmoja wa kidato cha tatu anayekuja kila siku baada ya kuteka maji. Mkutubi atakuwa pembeni yake na daftari. Ombi lenyewe ni ukurasa mmoja, nakala tatu, na kila nakala itagongwa muhuri wa kupokelewa kabla hatujatoka ofisini.