Kabla Hujanunua Dawa ya Kupandisha Kinga ya Mwili

Ukipatwa na mafua mara mbili mfululizo, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba kinga yako imeshuka, na mwingine wa kukuuzia chupa ya kuipandisha. Kwanza tulia uhesabu. Mtu mzima mwenye afya njema hupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka, na mtoto mdogo anaweza kufikisha hata mara 8. Kamasi, koo kuwasha na homa ni dalili kwamba kinga iko kazini.

Tena, kinga iliyopanda kiholela huumiza. Mzio ni kinga inayopambana na vumbi au chakula kisicho na madhara. Katika ugonjwa wa lupasi hushambulia viungo vya mwili wake yenyewe, na kisukari cha aina ya kwanza huanza inapoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kinachotakiwa ni kinga inayowahi adui, inayomtambua vizuri, na inayojua kutulia akishaondoka.

Ulinzi wa kwanza hauhitaji hata damu. Ngozi isiyo na jeraha haipitishi vijidudu vingi. Asidi ya tumboni huua sehemu kubwa ya wale waliomezwa. Machozi na mate yana laisozaimu, kimeng'enya kinachopasua kuta za bakteria, ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, miaka 6 kabla ya kugundua penisilini. Ndani ya njia ya hewa kuna ute unaonasa uchafu na vijinywele vinavyousukuma kwenda juu kooni. Moshi wa sigara hulemaza vijinywele hivyo, na ute ukituama kifuani bakteria hupata pa kuzaliana. Kwa mvutaji, hakuna kidonge kitakachoisaidia kinga yake kama kuacha sigara.

Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20 au zaidi. Wengi husugua viganja wakasahau ncha za vidole, katikati ya vidole na gumba, na hizo ndizo sehemu zinazogusa macho na pua.

Adui akishapenya, hukutana na seli nyeupe za damu. Zilizo nyingi zaidi ni neutrofili. Uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, kwa kuwa haziishi muda mrefu: hufika, humeza bakteria, hufa. Usaha unaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni mizoga yao. Wekundu, joto na uvimbe vinavyozunguka kidonda hutokana na mishipa midogo kutanuka ili seli hizo zipite. Ukilikamua jipu kwa nguvu unaweza kusukuma bakteria ndani zaidi, nje ya ukuta ambao mwili umeshaujenga. Likande kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Likiwa kubwa, likiwa usoni, au likiambatana na homa, nenda ukapasuliwe na mtaalamu.

Homa nayo huletwa na kinga: seli hutoa kemikali zinazouambia ubongo upandishe kiwango cha joto, na joto hilo hupunguza kasi ya baadhi ya vijidudu. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu mzima anayekunywa maji vizuri si lazima ishushwe, ila dawa ni halali kabisa ikimtesa. Kwa mtoto, parasetamoli hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, maana vijiko vya jikoni havilingani. Soma pia kibandiko cha dawa ya mafua: nyingi tayari zina parasetamoli, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu ini. Usimpe mtoto aspirini. Kichanga aliye chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa tufike kwenye sehemu inayojifunza. Hizi ni seli nyeupe za aina nyingine, ziitwazo seli B na seli T, na kila moja huzaliwa na uwezo wa kutambua umbo moja tu. Kijidudu kipya kikiingia, vipande vyake hupelekwa kwenye tezi za limfu, na huko hutafutwa zile seli chache zinazokifahamu. Zikipatikana hugawanyika kwa wingi, ndiyo maana tezi za shingoni huvimba unapoumwa koo. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili mpaka kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui, zitoshe. Baadaye hubaki seli za kumbukumbu, na adui yule yule akirudi hukabiliwa ndani ya siku chache, mara nyingi hata hujui kama aliingia.

Chanjo hutoa somo hilo bila ugonjwa, na hakuna njia nyingine ya kuisaidia kinga inayoikaribia. Kosa la kawaida ni kuchanjwa leo na kujihesabu umekingwa kesho. Subiri kama wiki 2. Kosa la pili ni kuacha dozi za kurudia. Chanjo ya surua hukinga kwa takriban asilimia 97 baada ya dozi 2, na ya pepopunda huhitaji kurudiwa kila baada ya miaka 10. Surua tunaitaja kwa makusudi: virusi vyake huua seli za kumbukumbu, hivyo mtoto aliyepona hubaki wazi kwa maradhi ambayo mwili wake ulikuwa umeshayazoea.

Kinachofuata chanjo kwa umuhimu ni usingizi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu wazima 164 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Lenga saa 7 au zaidi, na muda wa kuamka usibadilike hata siku ya mapumziko.

Chakula ni malighafi. Kingamwili ni protini, kwa hiyo mtu mzima apate angalau gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Vitamini C miligramu 75 hadi 90 zinatosha, na matunda na mboga huzileta bila shida. Kuimeza kila siku kwa wingi hufupisha mafua ya mtu mzima kwa asilimia 8 hivi tu, na ukivuka miligramu 2,000 kwa siku unajitafutia kuhara. Kuwa mwangalifu zaidi na zinki. Mahitaji ni miligramu 8 hadi 11 kwa siku, na kikomo ni 40. Ukimeza nyingi kwa miezi, matumbo hushindwa kufyonza shaba, na shaba ikipungua uboho hushindwa kutengeneza neutrofili. Yaani dawa ya kupandisha kinga imeishusha.

Antibiotiki haziui virusi. Kuzimeza kwa mafua huua bakteria wazuri wa utumbo wanaowazuia wabaya, na huwafundisha waliobaki usugu.

Kinga dhaifu kweli huonekana kwa namna nyingine: nimonia mara 2 au zaidi katika mwaka, utando mweupe mdomoni usioisha, majipu ya ndani yanayojirudia, mtoto asiyeongezeka uzito. Hapo omba hesabu kamili ya damu, kipimo cha VVU na cha sukari. Anayetumia steroidi (dawa zinazotuliza kinga) kwa muda mrefu, aliyepandikizwa kiungo au aliyetolewa bandama amweleze daktari kabla ya chanjo yoyote, kwa sababu baadhi zina virusi hai vilivyodhoofishwa, na nyingine yeye anazihitaji kuliko watu wengine.