Kwa Anayeanza Kuchunguza Rangi za Mwani

Kabla hujagusa kemikali yoyote, nenda Paje au Jambiani, Zanzibar, wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka, ukautazame mwani ukiwa bado umefungwa kwenye kamba. Spinosamu, aina ya mwani ambao umelimwa katika vijiji hivyo tangu 1989, utauona una vishada vya hudhurungi na vingine vya kijani, ingawa wote ni wa kundi liitwalo mwani mwekundu. Wekundu huo unatokana na fikoerithrini, protini yenye rangi ambayo hukifunika kijani cha klorofili. Kisha utazame uliotandazwa ufukweni: ukinyeshewa mvua na kupigwa jua hupauka kabisa.

Mimi nilianza kwa kununua mwani uliokaushwa hivyo, nikausaga na kuuloweka, nikapata maji yenye rangi ya mchanga. Nilidhani kosa ni la uchujaji, nikaongeza moto. Moto ukaimaliza fikoerithrini iliyobaki na kuyeyusha karajinani, utomvu wa mwani unaofanya maji kuwa mazito, hata chombo kikajaa uji mzito usiopita kwenye karatasi ya kuchujia.

Kwa hiyo chukua mwani mbichi, usuuze kwa maji ya bahari, uuweke kwenye boksi la barafu lenye mfuniko na uugandishe siku hiyohiyo. Fikoerithrini huyeyuka majini. Itoe kwa bafa ya fosfeti, yaani maji yanayoshikilia kiwango cha asidi kisibadilike, yenye pH karibu na 7, katika baridi na mbali na mwanga, ukigandisha na kuyeyusha mara kadhaa ili seli zipasuke. Klorofili na karotini zinahitaji ethanoli au asetoni.

Penye mtego mkubwa ni kipimo cha DPPH, kemikali ya zambarau iliyoyeyushwa katika metanoli, ambayo rangi yake hufifishwa na antioksidanti. Zambarau yake hufifia kuelekea njano, nasi husoma mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 517 baada ya dakika 30 gizani. Lakini fikoerithrini nayo hufyonza mwanga eneo hilohilo, na dondoo la maji, yaani maji yaliyotoa rangi kwenye mwani, likikutana na metanoli huweza kufanya ukungu. Usipopima pembeni dondoo lisilo na DPPH na kukitoa kipimo chake kwenye hesabu, mwani wenye rangi nyingi utaonekana dhaifu kuliko ulivyo. Weka pia vitamini C ya kulinganishia kila siku ya kipimo.

Akina mama wanaoulima watakuuliza kama mwani wao ni dawa. Wajibu kwa heshima kwamba ulichopima ni rangi iliyofifia ndani ya chupa, na kwamba mwili wa mtu hujaupima.